Mawe ya Kona ya Chemchemi

Mpaka rangi mmoja alifika bandani kwa fundi saa mbili na nusu asubuhi, anakokota baiskeli iliyolala tairi la nyuma, mikono yake myeupe kwa chokaa mpaka viwikoni. Alikuwa na uchangamfu wa mtu aliyemaliza kazi na anajua malipo yako njiani. Akasalimia, akajitafutia debe la kukalia, akaanza kusimulia bila kuulizwa.

Fundi alimwitikia kwa pua. Watu wa bonde walimwita Spoki, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kuongea huku ameshika spoki ya baiskeli, akiitikisa kuelekea juu ziliko ofisi za wakubwa, kama mtu anayemfukuza mbwa asiyeonekana. Alilivua tairi, akatoa tyubu, akaijaza upepo na kuanza kuizamisha kwenye beseni la maji kipande kwa kipande, akitafuta mapovu. Habari za yule bwana hakuzitaka. Siku hizi mtu yeyote mwenye chokaa mikononi alikuwa mtu wa Ofisi ya Njia, na Ofisi ya Njia ndiyo iliyomfanya yeye alale peke yake kwenye kitanda cha watu wawili.

Ofisi hiyo ilikuja bondeni na ramani. Walichora mstari mwekundu kutoka kule mlimani barabara inakovukia hadi mjini chini, kilomita ishirini na mbili, wakasema huo mstari sasa ni njia ya wageni wa baiskeli. Wageni watashuka na upepo, watapiga picha mashamba ya ngazi, watafurahi. Vikajengwa vibanda vya kupumzikia vyenye paa jekundu. Zikasimamishwa mbao za kuonyesha mishale. Zahanati ya bonde wakati huo haikuwa hata na mlango wa choo, lakini mgeni alitengenezewa kivuli kila kilomita tano. Spoki alilisema hilo mpaka watu wakachoka kulisikia, kisha akaendelea kulisema.

Na miezi tisa iliyopita, asubuhi moja, mkewe aliamka tumbo limekaza kama ngoma. Barabara ilikuwa inasawazishwa kwa ajili ya wageni, wameweka kizuizi, hakuna gari kupanda wala kushuka mpaka mkaguzi apite. Spoki akamfunga mkewe kwenye keria kwa blanketi na mpira wa kufungia mizigo, akamshusha kwa baiskeli. Alifika naye zahanati, mkewe akiwa tayari ameshanyamaza. Daktari akasema mngewahi kidogo. Neno hilo, kidogo, lilimkaa fundi kooni kama mfupa. Aliandikisha barua sita kwa wakubwa, dada yake ndiye aliyeshika kalamu kwa sababu yeye mwenyewe shule aliiacha darasa la tatu, na barua zote zilisema jambo moja: kizuizi chenu kimeniulia mke. Hawakujibu hata moja.

Sasa mpaka rangi alikuwa anaeleza kwamba leo ni siku kubwa, Mkubwa mwenyewe anakuja kuikagua njia, wageni sita wameshaondoka juu saa mbili kamili wakiongozwa na yule binti hodari, na msafara wa magari utafuata nyuma yao. Kwa hiyo wao wapaka rangi tangu jana saa kumi hawakuketi. Kila jiwe la pembeni limepata chokaa. Barabara imefagiliwa kwa fagio.

"Tena pale kona ya chemchemi tumebahatika," alisema. "Tumekuta mawe manane mazuri, mtu kayapanga katikati ya barabara kama meno. Tumeyapaka, tumeyalaza pembeni kwa mstari. Yaani ukipaona utapenda mwenyewe."

Tyubu ilimponyoka fundi ikazama kwenye beseni.

Mawe yale aliyapanga yeye.

Ilikuwa juzi. Alikwenda kunyoosha ringi ya mtu kule juu, na wakati wa kurudi akaona pale konani udongo wa kijani ukitoka chini ya barabara, upande wa mto. Bomba linalopitisha maji ya chemchemi lilikuwa limeziba na maji yakajitafutia njia yao. Juu barabara ilikuwa nzima, laini, hata ufa haukuwepo. Spoki hakuamini uzima huo. Akachomoa spoki mfukoni, akaichomeka katikati ya barabara, ikaingia yote kama inaingia kwenye samli. Akachomeka pengine, ikaingia yote. Ilikuwa ganda tupu, unene wa kiganja, na chini yake shimo. Ndipo akatafuta mawe manane na kuyapanga barabara nzima, ukingo kwa ukingo, kama inavyofanywa bondeni tangu zamani. Mstari wa mawe maana yake usipite. Mtoto wa bonde anajua mawe kabla hajajua kuhesabu. Kwenye ramani ya Ofisi ya Njia mawe hayamo, na wapaka rangi wameletwa kutoka huko walikoletwa.

Na yule binti hodari alikuwa mwanawe. Mmoja, hana mwingine.

Ukiuliza kwa nini hakumwambia, jibu lilikuwa dogo na la aibu: walikuwa hawasemezani. Miezi mitatu baada ya mazishi binti alichukua kazi ya kuongoza wageni. Akamweleza baba yake kwa adabu kwamba kazi ni kazi. Spoki akamwambia achague kati yake na wauaji. Binti akafunga nguo zake akahamia kwa shangazi yake, na tangu hapo kila habari kati ya nyumba hizo mbili ilipita kwa shangazi. Jana yake jioni shangazi alikuja kuchukua kikapu. Fundi alitaka kumwambia, mwambie huyo mtoto wako kona ya chemchemi imekufa. Neno lilifika mdomoni, akalimeza. Alikuwa ameapa kutotangulia kutuma salamu. Isitoshe mawe yapo, alijiambia, mtoto anajua mawe.

"Wanafika pale saa ngapi?" aliuliza.

Mpaka rangi akahesabu kwa vidole vyeupe. Wangepumzika kwenye kibanda cha pili, wapigwe picha, halafu mteremko. Saa tatu na nusu, labda kasoro.

Spoki alichukua simu yake ndogo iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, akapiga namba ambayo hakuwa ameifuta ingawa alimwambia dada yake ameifuta. Haipatikani. Mpaka rangi akamkumbusha kwamba waongozaji wakiwa njiani simu zao hukusanywa na kuwekwa kwenye gari la msafara, ni amri, wasije wakawa wanachati badala ya kuwaangalia wageni. Akapiga Ofisi ya Njia. Karani wa mapokezi aliitambua sauti kabla hajamaliza kusalimia.

"Mzee Spoki, leo tena?"

Akamwambia barabara imekufa pale konani, wawazuie wageni. Karani akasema kwa upole wa kuchoka kwamba Afisa wa Njia yuko kwenye msafara, barabara ilikaguliwa wiki iliyopita na kupata alama nzuri, na kama ana lalamiko alete barua. Fundi alisema si lalamiko. Karani akasema ndiyo, Mzee, hata zile sita hukusema ni malalamiko, ulisema ni mashtaka. Akakata.

Ingekuwa siku nyingine Spoki angekaa kitako na kuipa simu ile matusi ya nusu saa. Alitazama saa ya mpaka rangi. Saa tatu kasoro dakika ishirini. Pikipiki hakuna, maana leo pia chombo chochote cha moto kilikuwa kimepigwa marufuku barabarani mpaka Mkubwa apite. Kutoka bandani hadi konani ni kilomita saba, zote za kupanda. Alichukua baiskeli yake mwenyewe, ambayo cheni yake ilikuwa imelegea tangu mwaka jana kwa kuwa hakuwahi kupata nafasi ya kuitengeneza, akamwachia mpaka rangi banda, spana na beseni.

Alikanyaga. Goti la kulia lilianza kumlilia kwenye daraja la kwanza. Kwenye kilomita ya pili alikuwa anahema kwa mdomo wazi, jasho linamwingia machoni, na kila dakika kumi cheni inatoka, anashuka, anairudisha kwa vidole, anapanda. Kichwani alikuwa anafanya hesabu moja tu, ile ile, inamjia na kuondoka. Saa tatu na nusu, labda kasoro. Labda kasoro. Alimlaani aliyechora ramani, akamlaani aliyeleta chokaa, akamlaani Mkubwa kwa kuzaliwa, na laana zile hazikumpa pumzi hata moja.

Kilomita ya tatu alikuta kizuizi. Kile kile, bomba jekundu na jeupe, na mlinzi yule yule mnene mwenye kofia iliyombana. Mlinzi alipomwona alijikunyata kama mtu anayeona mvua inakuja na mwavuli hana. Akaanza kusema mapema kwamba si yeye, ni amri, na kwamba baiskeli zinazopita leo ni zenye beji.

Spoki hakumjibu. Alimwomba apige redio ya upepo awaite wa juu. Mlinzi, kwa mshangao, akapiga. Redio ikakoroma tu, milima ilikuwa imeikalia. Basi fundi akainama, akapita chini ya bomba na baiskeli yake, akaenda.

Mlinzi alimgeukia na kumtazama. "Leo huna maneno?" alimwuliza mgongoni. Halafu kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "Ungefanya hivi siku ile." Fundi alisikia. Akakanyaga kwa nguvu zaidi mpaka cheni ikakatika.

Aliitazama ile cheni ilivyolala barabarani kama nyoka aliyeuawa. Pini hakuwa nayo, nyundo hakuwa nayo. Akaisukuma baiskeli kwenye majani, akaiacha. Kulikuwa na kijia cha kukatia mashambani, mkato mkali unaopanda kwenye ngazi za mashamba na kutokea konani kwa chini. Vijana hukipanda kwa dakika ishirini. Yeye alikuwa na miaka hamsini na nane na goti bovu. Alikipanda kwa mikono na miguu, akishika mizizi, akiteleza na kurudi hatua mbili kwa kila tano. Mwanamke mmoja aliyekuwa analima alimsalimia akamwuliza kuna nini, fundi akafungua mdomo, sauti haikutoka, akaendelea. Alifika mahali ambapo moyo ulikuwa unampiga masikioni na macho yanaona giza pembeni, akajiambia kaa kidogo. Neno hilo tena, kidogo. Hakukaa.

Alipotokeza barabarani aliona kwanza mawe. Manane, meupe, yamelala ukingoni kwa mstari mnyoofu, yanapendeza kweli. Barabara imefagiliwa, mistari ya fagio bado inaonekana, na kona nzima ni laini kama meza. Mkono wa juu mwamba na chemchemi inayotona. Mkono wa chini hakuna kitu, ni hewa mpaka kwenye mto, urefu wa minazi miwili. Yeye alikuwa upande wa kushukia. Ganda lilikuwa kati yake na mlima.

Aliliendea jiwe la kwanza, akaliinua, likamshinda. Juzi alikuwa ameyasukuma kwa wakati wake, moja moja, kwa kupumzika. Na papo hapo akasikia mlio anaoujua kuliko sauti ya mtu yeyote, mlio wa gia za nyuma zinazokimbia bila kukanyagwa, tiki-tiki-tiki, nyingi kwa pamoja. Baiskeli saba.

Zilijitokeza juu ya mteremko. Binti yake mbele, kofia nyekundu, mgongo umeinama vizuri. Nyuma yake wageni sita katika mstari, wanacheka. Spoki alikwenda katikati ya barabara akapunga mikono yote miwili, akajaribu kuita, na koo likatoa mkwaruzo.

Binti alimwona. Alishika breki kidogo, fundi aliona tairi likisita. Kisha akaona uso wake ukijifunga.

Maana alikuwa ameshamwona baba yake hivi mara moja. Siku ya uzinduzi wa njia, Spoki alilitandika blanketi la marehemu barabarani, lile lile alilomfungia kwenye keria, akawaambia wageni wapite juu yake kwani ndiyo kazi ya njia hii. Binti ndiye aliyekuwa anaongoza. Ndiye aliyeshuka kwenye baiskeli mbele ya wageni na kamera zao, akapiga magoti, akalikunja blanketi la mama yake. Afisa wa Njia alimwambia baadaye kwamba baba yake akirudia mchezo huo mara moja zaidi, unga wake umemwagika.

Kwa hiyo sasa binti aliachia breki. Akanyoosha mkono wa kushoto, akawaonyesha wageni: msisimame, piteni upande huu. Upande huo ulikuwa wa mto.

Spoki hakufikiri. Au alifikiri jambo moja, kwamba mtoto huyu anaweza kumchukia, lakini hawezi kumgonga. Alitembea mbele, kwa hatua za mtu anayeingia kwenye chumba chenye mgonjwa, akapanda juu ya lile ganda na kusimama katikati yake, mikono ameitanua.

Breki zililia. Baiskeli ya binti ilipiga mweleka, ikamburuta kwenye kokoto, wageni wakarundikana nyuma yake. Hakuna aliyepita. Kutoka kwake hadi alipoanguka binti palikuwa kama hatua sita.

Aliinuka na kiwiko kinavuja damu. Hakupayuka, alikuwa ameshajifunza kutopayuka mbele ya wageni.

"Baba, umenimaliza."

"Usisogee," alisema fundi.

"Blanketi leo umelisahau wapi?"

"Chini hapa hakuna kitu, mwanangu. Maji yamekula. Nilipanga mawe, wao wameyatoa wakayapaka rangi."

"Wao." Binti alicheka kicheko kikavu, akapiga hatua. "Kila siku wao. Mvua isiponyesha, wao. Tairi likipasuka, wao. Mimi nikila kwa jasho langu, nimelishwa na wao. Toka barabarani, Baba, watu wapite."

Akapiga hatua nyingine. Anakuja kumshika mkono amtoe, kama unavyomtoa mlevi kwenye mlango wa dukani. Na Spoki akahisi chini ya kisigino chake cha kushoto kitu kikihama, kidogo sana, kama jino linalotikisika. Angekanyaga kumwonyesha, wangeenda wote wawili. Angerudi nyuma kwa haraka, ganda lingekatika na yeye angelivuta lote mpaka miguuni kwa mtoto. Hakubakiwa na kitu ila mdomo. Lakini mdomo wake ulikuwa umekwisha. Miezi tisa alikuwa ameuzungusha kwa neno moja, wao, wao, wao, mpaka ukawa kama nati iliyoisha meno, unaikaza inazunguka tu, haishiki. Hata sasa aliposema kweli tupu, kweli iliyofagiliwa kwa fagio la serikali, haikushika.

Hatua nne. Tatu.

Basi akatoa lile ambalo hakuwahi kulitoa, hata kwa dada yake, hata kwa Mungu.

"Mlinzi aliniruhusu."

Binti akasimama. Hakuelewa, lakini sauti ile hakuwa anaijua.

"Siku ya mama yako. Pale kizuizini. Mlinzi alisema ni magari tu, Mzee, wewe na baiskeli yako inama upite. Mara tatu aliniambia. Mimi nikasema siinami. Nikasema sipiti chini ya bomba kama mwizi kwenye barabara ya baba yangu, mlete mkubwa wako aje alifungue kwa mkono wake aniombe radhi." Alikuwa anasema polepole, hatikisi hata bega. "Nikamkalia kooni. Nusu saa. Mama yako alikuwa ananivuta shati kwa nyuma. Nilidhani ananiunga mkono."

Mgeni mmoja aliuliza jambo kwa lugha yao, mwenzake akamnyamazisha. Chemchemi ilikuwa inatona.

"Alikuwa anakuvuta," alisema binti.

"Alikuwa ananivuta."

"Nusu saa."

"Nusu saa. Sasa usisogee. Mimi huwa sisemi hivi, unanijua. Rudi nyuma."

Binti alimtazama baba yake usoni, kisha macho yakamshuka taratibu hadi kwenye miguu, kwenye ile barabara laini mno, kisha ukingoni kwenye mstari wa mawe manane meupe. Fundi aliona alivyoelewa. Alirudi nyuma hatua moja, mkono ameupeleka nyuma kuwazuia wageni, akarudi ya pili.

Barabara haikupasuka kwa kishindo. Ilishusha pumzi. Kisha upande wa mto ukaenda wote, kimya, na baada ya kitambo ndipo sauti ikarudi kutoka chini. Spoki alidondoka wima. Mguu wake wa kulia uligonga lile bomba lililoziba, akasikia mfupa ukilia kama spoki inayokatika, halafu akawa amening'inia kwa makwapa kwenye kipande cha ganda kilichobaki, miguu hewani. Vidole vilikuwa vinakwangua udongo. Udongo ulikuwa unakuja na vidole.

Mikono ikamdaka kola, halafu mgongo mzima wa shati. Binti alikuwa amelala kifudifudi, wageni wawili wamemkalia miguu, wengine wanavuta, na mmoja analia kwa lugha yake. Shati lilichanika, wakamshika mkanda. Walimtoa kwa kuburuta, kama gunia, wakamlaza chini ya mwamba mahali pakavu.

Msafara wa Mkubwa ulifika baada ya robo saa. Magari yalisimama mbali. Afisa wa Njia alikuja mbio na viatu vyake vyeusi, akaona shimo, akaona mzee, akaunganisha mambo mawili hayo kwa namna iliyomfaa. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye magari kwamba hili ndilo alilokuwa analihofia, mtu asiye na kibali kuingilia miundombinu. Alitoa simu akapiga picha shimo, akampiga picha Spoki, akachagua pembe ambayo mawe hayaonekani.

Binti aliinuka, damu imemkaukia mkononi. Alimwambia Afisa, bila kupandisha sauti, kwamba barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe tangu juzi na Ofisi ndiyo iliyoyaondoa na kuyapaka chokaa, kwamba ataandika hivyo kwenye taarifa yake na wageni sita watatia sahihi, na kwamba kama anataka kumwaga unga amwage sasa hivi akiwa bado amesimama. Afisa akasema mambo hayo yatazungumzwa ofisini. Mkubwa hakushuka garini. Kioo kilishuka kidogo, kikapanda.

Spoki aliyasikia yote akiwa amelala chali. Miezi tisa aliota siku ambayo mtu atasimama mbele ya wale watu na kuwaambia kosa ni lenu, nao wakiliona kwa macho yao. Siku imefika, na aliyesema ni mtoto wake mwenyewe. Alingoja furaha ije. Alisikia baridi tu, na uzito wa mkono unaomvuta shati mgongoni.

Binti alirudi na sanduku la huduma ya kwanza. Alipiga magoti, akakata suruali kwa mkasi mpaka juu ya goti, akaupima mguu kwa macho, akachukua pampu mbili za baiskeli na kuziweka huku na huku, akaanza kuzungusha bandeji. Alifanya vizuri, kwa mikono ya mtu aliyefundishwa. Fundi alimwangalia utosini. Alitaka kumwambia kitu na hakujua aanzie wapi, ingawa maneno yake yote mengine alikuwa nayo tele.

"Mama," alimwita, kama alivyokuwa akimwita utotoni.

Binti hakuinua uso. Alikaza fundo, akalijaribu kwa kidole kama linabana sana.

"Mzee," alisema, kwa ile sauti ya adabu anayowasemeshea wageni, "vidole vya mguu unavisikia?"

"Navisikia."

"Vichezeshe."

Akavichezesha. Binti alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akafunga sanduku. Kisha akainuka kwenda kuwahesabu wageni wake.